Nakala ya akiba: namna ya kujua kama itafunguka siku ya shida

Shule, vituo vya afya, vyama vya akiba na ma-secrétariat ya Kivu, Ituri na Maniema wanaweka leo kazi yao mingi ndani ya kompyuta: pointi za wanafunzi, hesabu za wanachama, fishi za wagonjwa, makaratasi ya mashamba. Karibu kila mutu anajua kama inafaa kuweka nakala. Lakini wachache sana wanaijaribu mbele ya shida kufika. Nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja ni tumaini tu. Makala hii inaeleza namna ya kuhakikisha, hatua kwa hatua.

Vitu viwili ambavyo watu wanachanganya

Cha kwanza ni alama ya kurudisha mashine nyuma, ile Windows ya Kifaransa inaita "point de restauration". Ilianza na Windows Me, mwaka 2000. Inalinda mfumo wenyewe: programu, mipangilio na vile vinavyoendesha vipande vya mashine. Programu mbaya ikiingia, au Windows ikiharibika kisha kusasishwa, inaweza kurudisha mashine namna ilivyokuwa jana. Lakini hairudishi barua, picha wala palmarès iliyofutwa. Tena, iko ndani ya diski ileile: diski ikikufa ao mashine ikiibiwa, alama nayo imeenda. Virusi vinavyofunga kazi za watu ili kuomba pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, vinafuta pia zile alama.

Cha pili ni nakala ya akiba. Hii ni kazi yenyewe, iliyonakiliwa pahali pengine: diski ya nje, flashi, mashine ingine ao intaneti. Vyote viwili vinahitajika, na kila kimoja kina jaribio lake.

Njia tano, na hakuna iliyosaidia

Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni GitLab, inayotunza kazi za watengeneza programu wa inchi nyingi, alikuwa anapambana usiku na shida ya mashine kubwa. Akafuta folda kwenye mashine ambayo haikuwa ile aliyofikiri. Alipostuka na kusimamisha, kwa gigabaiti karibu 300 ilibaki 4.5 tu.

Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka akiba. Wakati wa kuzitafuta, hakuna iliyokuwa tayari kusaidia. Nakala ya kila siku haikuwa inafanyika, juu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na ile ya data. Barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichookoa ni nakala ambayo mutu alikuwa amechukua kwa mukono wake saa 6 mbele, kwa kazi ingine kabisa. Kazi ya zile saa 6 ilipotea.

Kama mafundi wa kazi hiyo walidanganyika, ofisi ndogo yenye mashine moja inaweza kudanganyika zaidi.

Hatari za mashariki

Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache nyuma watu wa sehemu kubwa ya muji waliambiwa kuondoka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira. Mei 2023 maji na matope vilifunika Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Ongeza vita, wizi, moto wa nyumba, na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo, nakala iliyowekwa kwenye droo ya ofisi ileile haihesabike kama nakala ya kweli. Mupiga picha Peter Krogh alieneza kanuni nyepesi: nakala 3, juu ya vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali. "Mbali" ni kata ingine, muji mwengine ao intaneti.

Kujaribu alama ya Windows

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha Entrée. Fungua sehemu "Protection du système". Angalia pembeni ya diski C: kama imeandikwa "Désactivée", hakuna alama inayowekwa. Kwenye mashine mingi iko vile tangu siku ya kununuliwa.

2. Bonyeza "Configurer", washa ulinzi, acha nafasi ndogo, kwa mfano asilimia 5 ya diski. Kisha "Créer", na upe alama jina lenye tarehe.

3. Rudi kwa Windows na R, andika rstrui. Alama inapaswa kuonekana kwenye orodha. Ichague, kisha bonyeza "Rechercher les programmes concernés": mashine itaonyesha programu zitakazoondoka. Hapo unaweza kubonyeza "Annuler" bila kitu kubadilika.

4. Jaribio kamili ni kurudisha kweli. Chagua siku isiyo na kazi, nakili kwanza makaratasi yote nje, na uhakikishe batri imejaa ao jenereta inawaka. Umeme ukikatika katikati, Windows inaweza kukataa kuamuka.

Usitegemee alama ya zamani. Nafasi ikijaa, za kwanza zinafutwa, na tangu Juni 2025 Windows 11 ya toleo 24H2 inazitunza siku 60 tu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ile funguo ndefu kwenye karatasi na uitunze, juu mashine inaweza kuiomba siku ya matengenezo.

Kujaribu nakala ya kazi

Kuona jina la faili kwenye flashi haitoshi. Jaribio la kweli liko hivi:

– Peleka nakala kwenye mashine ingine. Ikifunguka tu kwenye ile ya kwanza, pengine ulinakili "raccourci", ni kusema njia ya kwenda kwa faili, na si faili.

– Chagua faili kumi bila kupanga: za zamani, za jana, ndogo na kubwa. Zifungue mpaka mwisho. Picha inaweza kuonyesha nusu tu. Lahajedwali inaweza kufunguka tupu.

– Linganisha folda mbili kwa "Propriétés": hesabu ya faili na uzito.

– Rudisha ndani ya folda mupya, hata siku moja usirudishe juu ya kazi nzima. Nakala mbovu inaweza kufunika ile nzuri.

– Kwa programu ya hesabu, rudisha nakala kwenye mashine ya pili, kisha linganisha salio na kitabu cha keshia. Visipolingana, tafuta tangu siku gani.

– Mutu aliyeweka nakala asiwe yeye peke yake anayejaribu. Mwengine akishindwa, ina maana neno la siri ao njia iko kichwani mwa mutu mumoja.

Mitego ya kila siku

Flashi za bei ya chini zinazoandikwa "1 To" mara nyingi ni za uongo: ndani kuna gigabaiti chache. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, kisha zinaandika mupya juu ya zamani. Programu ya bure H2testw inajaza flashi na kuisoma tena, na kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Ifanye mbele ya kuweka kazi, ikiwa flashi ni tupu.

Faili inayopita gigabaiti 4 haiingii kwenye flashi ya FAT32. Kuchomoa bila "Éjecter" kunaweza kukata faili katikati.

Kwa wanaotumia intaneti: Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo, zikijaa, kunakili kunasimama. Tena, folda inayojisasisha yenyewe inafuta pia: ukifuta kwenye simu, inafutika na kule, na kwenye Google Drive inabaki siku 30 tu ndani ya kapu la takataka.

Ratiba nyepesi

Kila juma: nakili, kisha fungua faili tatu. Kila mwezi: jaribu faili kumi kwenye mashine ingine. Kila miezi mitatu: rudisha folda nzima na upime wakati inaochukua, juu kituo cha afya kinapaswa kujua kama ni saa moja ao siku mbili bila fishi.

Tunza daftari ya karatasi yenye mistari mine: tarehe, chombo, nani alijaribu, nini ilikataa. Ukurasa ukibaki mutupu miezi miwili, hesabu kama nakala haiko.