Si Uhifadhi, ni Mlimbiko wa Sodiamu

Bado tunaandikiwa katika vijitabu vya afya na orodha za istilahi kwamba ugonjwa wa figo husababisha "uhifadhi wa sodiamu". Nalikataa neno hilo. Nimelikataa hata mbele ya wajumbe wa kamati ya istilahi, nao hawakuona haja ya kunijibu kwa hoja.

Hifadhi limetoka Uarabuni, na tangu litufikie halijaacha kubeba maana ya kulinda kitu cha thamani. Mtoto huhifadhi Kurani. Serengeti ni hifadhi. Anayesafiri huagwa kwa "Mungu akuhifadhi". Sasa mgonjwa aliyevimba miguu, ukimbonyeza muundi kwa kidole gumba panabaki shimo lisilofumba upesi, aambiwe mwili wake unahifadhi sodiamu? Atashukuru! Waliokimbilia "uzuiaji wa sodiamu" wamepotoka zaidi, maana mgonjwa huyohuyo ameagizwa ajizuie na chumvi.

Uhifadhi upo, lakini ni kazi ya figo nzima. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha mwilini zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu iliyochujwa. Inayosalia hutoka na mkojo, ikilingana na chumvi iliyoliwa. Figo zikiugua, vichujio hupungua, na mara nyingi homoni ya aldosteroni huihimiza mirija irudishe sodiamu hata kama mwili umekwisha kutosheka. Inayotoka huwa pungufu ya inayoliwa, leo kidogo, kesho kidogo. Hali hiyo ina kitenzi chake katika Kiswahili: kulimbika.

Wazee walilimbika maji. Walichimba shimo, wakangoja maji yajikusanye taratibu hadi yatoshe kutekwa. Kutoka shina hilohilo tumepata malimbikizo ya mshahara, ambayo kila mtumishi wa umma anayajua. Mpinzani wangu mmoja ameandika kwamba neno hili ni la wahasibu. Na liwe lao pia: kiasi ambacho kingetoka kila siku kisitoke, kikaongezeka juu ya cha jana, ndicho hasa tunachokitafutia jina. Wala lisichanganywe na limbuko, yaani mazao ya kwanza. Hilo ni la kulimbuka.

Tena kulimbika ni neno lililozoea maji, na sodiamu haikai mwilini peke yake. Dripu ya maji ya chumvi ya lita 1 ina gramu 9 za chumvi. Mwili nao, kwa kila gramu 9 hivi zinazolimbika, hushika karibu lita 1 ya maji, na mizani hupanda kilo 1. Ndiyo maana kipimo cha damu huweza kuonyesha sodiamu ya kawaida, milimoli 135 hadi 145 kwa lita, huku miguu imejaa na shinikizo la damu limepanda. Uhifadhi haudokezi lolote katika hayo.

Katika matumizi tuseme: mwili umelimbika chumvi, mgonjwa ana mlimbiko wa sodiamu, dawa za kukojosha hupunguza mlimbiko. Nawaomba wahariri wa vitabu vya uuguzi wafute "uhifadhi wa sodiamu" katika matoleo yajayo, bila kuingoja kamati.