Jina Katika Chumba cha Siri

Watunzi wetu wa tendi walikuwa na ada: kisa kikishakwisha, hubakia beti chache ambamo mtunzi hujitaja, aghalabu pamoja na tarehe ya utunzi wake. Msikilizaji mwenye haraka huondoka kabla hajazisikia. Ada hiyo ilinijia akilini niliposoma habari za Warren Robinett, Mmarekani aliyelificha jina lake ndani ya mchezo wa video kwa kuwa waajiri wake hawakumpa pahala pa kulitia.

Robinett alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Atari huko California. Mchezo wa Adventure, wenye ngome tatu, majoka matatu na kikombe kinachotafutwa, aliubuni na kuuandikia programu peke yake. Kampuni haikuwataja wabunifu wake popote, si ndani ya mchezo wala juu ya boksi lake. Walipokea mshahara basi, hata mchezo uuzike vipi. Mwaka 1979 wanne miongoni mwao walijitoa wakashiriki kuunda Activision, iliyowataja wabunifu waziwazi. Robinett naye aliondoka mwaka huohuo, kimya kimya.

Lakini alikuwa ameacha kitu. Ndani ya ngome nyeusi aliweka nukta moja yenye rangi ileile ya ardhi iliyoizunguka, jicho lisiweze kuitambua. Mchezaji aliyeipapasia hata akaipata, kisha akaichukua hadi kwenye ukuta fulani, aliweza kuupenya ukuta huo. Ng'ambo yake mlikuwa na chumba, na katikati maandishi yanayogeuka rangi yakisema kwamba mchezo umeundwa na Warren Robinett. Wenzake kazini hakuwaambia. Siri ilifichuka mwaka 1980, kijana mmoja mchezaji alipowaandikia Atari barua.

Kulifuta jina kungekuwa na gharama. Steve Wright, mmoja wa wakubwa wa kampuni, akaona heri liachwe, akalifananisha na mayai ya Pasaka ambayo watoto huyasaka yalikofichwa. Tangu hapo vitu vya namna hiyo huitwa mayai, na lililoanza kama lalamiko la mfanyakazi likawa chambo cha biashara. (Robinett hakuwa wa kwanza: mwaka 2017 ilijulikana kuwa Starship 1, mchezo wa mwaka 1977, una salamu iliyofichwa kwa jina la mbunifu wake.)

Katika filamu mambo ni kinyume. Majina yamo, tena mengi, ila watazamaji huyapa mgongo. Mwaka 1986, katika Ferris Bueller's Day Off, mhusika mkuu alirejea baada ya majina akawahimiza waliobaki waende zao. Iron Man ya mwaka 2008 ilifanya vingine: baada ya majina alitokea Nick Fury kudokeza makubwa yajayo, na filamu nyingi zikafuata mtindo huo. Sasa watu hukaa gizani wakingoja kipande cha mwisho, na mbele yao hupita majina ya mafundi wa taa, maseremala na wapishi. Mimi huanza na ya washonaji.