Halaiki Isiyokuwa na Ukumbi

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, wapenzi wa filamu za Kiswahili huikumbuka Pasaka ya mwaka 2012, pale Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipofariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, naye hajatimiza hata miaka 29. Na kwa kuwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo, yaani Machi, Geita ilikuwa imefanywa mkoa kamili, watu wa ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita, wa almasi na dhahabu, wana sababu mbili za kuuweka mwaka ule katika hesabu zao. Kumbukumbu ya marhumu huyo hainipiti bila kuniamshia suali ambalo vijana hulijadili kana kwamba lilizaliwa jana pamoja na intaneti: je, filamu itazamwe ukumbini katika kadamnasi, au nyumbani katika faragha?

Mwanahistoria wa Kimarekani, Bibi Laura Fair, aliyeandika kitabu kinene juu ya sinema za Tanzania, *Reel Pleasures*, kilichotoka mwaka 2018, ametuonyesha kwamba tangu siku za jumba la Royal, lililojengwa Unguja mwaka 1921, watu hawakuwa wakinunua picha peke yake, bali walinunua pia ujirani wa wenzao: foleni ya Jumapili, nguo nzuri, tiketi za ulanguzi, kilio cha pamoja mbele ya *Awaara* ya Raj Kapoor, na mabishano ya njiani wakati wa kurejea. Mengine yanajulikana. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutengeneza filamu za mafunzo kule Vugiri, Tanga, na kuzitembeza kwa lori. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliigiza katika *Muhogo Mchungu*. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Na mwaka 1971 majumba makubwa ya kupangisha yakataifishwa, yakiwamo ya sinema. Kisha ikaja video, na kumbi zikaanza kufifia, nyingine zikageuzwa maduka na maghala.

Lakini huku kwetu ukumbi ulikuwa na sura nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukuanza kazi mpaka mwaka 2000. Baina ya tarehe hizo mbili, na hata baada yake, dhahabu ilifuatwa na wachimbaji wadogo, waliokuwa wakihama kutoka rashi moja ya dhahabu hadi nyingine, wakichimba maduara, yaani mashimo yao, na zama za video zilipowadia, popote walipotua, karibu na mama ntilie na muuza vocha, hakikukosekana kibanda cha video: turubai, mabenchi, jenereta, na televisheni moja iliyoinuliwa juu ili hata aliyechelewa aione. Watu walikiita kibanda umiza, kwa sababu ya joto na msongamano, lakini waliingia. Humo ndimo sauti ya Lufufu, mfasiri mashuhuri wa filamu za kigeni, ilipowafanya wapiganaji wa Hong Kong waseme Kiswahili cha mitaani. Na ingawa wapo waliomwona kuwa mharibifu wa kazi za watu, mimi namhesabu katika ukoo wa watambaji hadithi, kwani aliirudishia picha ya kigeni masimulizi ambayo wazee wetu waliyajua kabla ya umeme.

Kanumba alikuwa mtoto wa zama hizo. Kutoka Shinyanga, alikosoma, alikwenda Dar es Salaam, akajiunga na kundi la maigizo la Kaole, akaonekana katika michezo ya televisheni ya ITV, kisha mwaka 2006 akatoka na *Dar 2 Lagos*, filamu iliyowaunganisha waigizaji wa Tanzania na Nigeria. Mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, ameipa sura nzima ya kitabu chake jina la filamu hiyo, akiichukua kuwa dalili ya namna Watanzania walivyoigeuza Nollywood, sinema ya Nigeria, kuwa yao. La kuzingatiwa ni kwamba umaarufu wa kijana huyu haukutegemea ukumbi hata mmoja. Ulipita katika diski, uliuzwa kando ya stendi za mabasi, ukaingia sebuleni, ukatazamwa na mama na mabinti zake wakipeta mchele, na kila nyumba ikadhani kwamba kilio chake kwa ajili ya Kanumba kilikuwa chake peke yake.

Ndipo tarehe 10 Aprili 2012, siku ya mazishi yake, ikaja. Katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, walimiminika maelfu kwa maelfu, wake kwa waume, wengine wakizimia, wengine wakipanda miti ili walione jeneza, na wakuu wa dola, akiwamo Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, wakiketi mbele ya umati uliokuwa haudhibitiki. Magazeti yalistaajabu: watu wote hawa wametoka wapi? Jawabu langu ni kwamba hawakutoka popote pageni. Walikuwa watazamaji wale wale waliotawanyika majumbani kwa miaka sita, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, walikaa pamoja mbele ya nyota wao. Ukumbi waliokosa waliupata mazikoni.

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia. Netflix ilifika Afrika nzima Januari 2016, ving'amuzi vikaingia vijijini, na kijana wa Geita asiye na bando hurushiwa muvi katika kadi ya simu, akaitazama peke yake, kidole juu ya kioo, akiruka asichokipenda. Simlaumu, kiingilio chake ni rahisi na joto la kibanda halimuumizi. Lakini kibanda sasa kimebakiwa na mpira wa Ulaya, na hiyo ni ithibati kwamba hamu ya kuketi pamoja haijafa, ila imenyimwa hadithi zetu.

Haihitaji jumba la fahari. Halmashauri zetu, ambazo hupokea ushuru wa dhahabu na almasi, zingeweza kila tarehe 7 Aprili kutundika kitambaa cheupe uwanjani, kama yalivyofanya malori ya zamani, zikaonyesha filamu moja ya Kanumba bila kiingilio. Watu watakuja na mikeka yao, na mwanawe mtu atauliza yule ni nani, naye jirani asiyemjua atamjibu kwamba ni mtoto wa hapa.