Mnada Usio na Sauti: Safari ya Gari za Mtumba kutoka Japani

Asubuhi, dereva anapowasha gari yake kituoni, mara nyingi sauti ya mwanamke humsemesha kwa Kijapani. Sauti hiyo hutoka katika chombo kidogo kilichofungwa mle ndani tangu gari ilipokuwa kwao, na maneno yake ni yale yale kila siku: humkumbusha dereva kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Japani ilieneza malipo ya namna hiyo katika barabara zake kuu kuanzia mwaka 2001. Dereva wa Unguja hana kadi hiyo wala pa kuitumia. Akifungua redio, huikuta imeundwa kukamata masafa ya 76 hadi 90, ilhali idhaa nyingi za Afrika Mashariki zimo juu ya hapo. Hivyo hulazimika kumwendea fundi amfungie kifaa cha kugeuza masafa.

Mambo hayo huchekesha, na watu wameyazoea. Lakini gari hiyo hiyo ilikuwa na maneno mengine, nayo yaliandikwa juu yake kabla haijapakiwa melini: imetembea kilomita ngapi, imegongwa wapi, bati lipi limenyooshwa, kutu imeanzia upande gani. Maneno hayo ndiyo mnunuzi wa mwisho anayoyahitaji kuliko yote, na ndiyo aghalabu yasiyomfikia. Historia ya gari za mtumba kwa hakika ni historia ya khabari hizo: jinsi zilivyokusanywa kwa uangalifu mkubwa upande mmoja wa bahari, na jinsi zilivyopotea zikielekea upande wa pili.

Yafaa kuanza na sababu ya Mjapani kuiuza gari ambayo bado ni nzima. Wengi huamini kwamba sheria ya Japani humlazimisha mwenye gari kuitupa baada ya miaka kadhaa. Sheria ya namna hiyo haipo. Lililopo ni ukaguzi wa lazima uitwao shaken, unaotokana na sheria ya vyombo vya barabarani ya mwaka 1951. Gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kila ukaguzi huja na gharama zake: ada, bima ya lazima, kodi ya uzito, na matengenezo ya kila kilichochakaa. Gari ya petroli ikishapita miaka 13, kodi yake hupanda. Mwenye gari hupiga hesabu, akaona kuwa kuitunza kumemghali kuliko kuiuza na kutia fedha hizo katika gari mpya. Kwa gari za dizeli shinikizo lilikuwa kubwa zaidi: sheria za kupunguza moshi za mwaka 1992 na 2001, pamoja na amri ya mji wa Tokyo iliyoanza kutumika Oktoba 2003, ziliyaondoa mabasi madogo na malori mengi katika miji mikubwa hali injini zake zingali na nguvu.

Jambo la pili ni la upande wa barabara. Japani, ambayo haikupata kutawaliwa na Waingereza, huendesha kushoto na kuweka usukani kulia. Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda zilirithi desturi hiyo hiyo kutoka kwa Waingereza. Kwa sadfa hiyo gari iliyoundwa kwa ajili ya mitaa ya Nagoya iliweza kuteremshwa Mombasa, Dar es Salaam au Malindi ya Unguja, ikaingia barabarani bila ya kubadilishwa kitu.

Gari zinazouzwa na wenyewe huenda mnadani. Neno mnada katika Kiswahili lina sauti ndani yake, maana kunadi ni kutangaza kwa kelele, na mnada wa mwambao tangu zamani ni mahali pa dalali mwenye koo zito. Mnada wa gari wa Japani hauna kelele hizo. Wanunuzi huketi mbele ya skrini kama wanafunzi katika chumba cha mtihani, kila mmoja na kitufe mkononi. Gari hupita, bei hupanda kwa kila kitufe kinachobonyezwa, na kabla dakika haijatimia gari imeshapata mwenyewe mpya. Kampuni ya USS, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilikuja kuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Mwaka 1985 kampuni ya Aucnet ilianza kuendesha mnada ambao wanunuzi hawakwenda kabisa uwanjani: waliziona gari kwa picha wakiwa madukani mwao.

Ili mtu athubutu kununua gari asiyoigusa, ilibidi pawepo neno la kuaminiwa. Neno hilo ni karatasi ya mnada. Mkaguzi ambaye si muuzaji wala mnunuzi huizunguka gari, huichungulia uvunguni, huichorea ramani, na kila kasoro huitia herufi mahali pake. A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni bati lililonyooshwa likaacha mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Kisha gari yote hupewa daraja: 5 na 4 kwa zilizo nzuri, 3 kwa zilizochoka, na R kwa ile iliyopata kugongwa ikatengenezwa. Herufi ni chache, lakini mtu akizijua huweza kuiona gari akiwa umbali wa maelfu ya maili. Mkaguzi akikosea, mnunuzi ana haki ya kudai ndani ya muda uliowekwa.

Haki hiyo, hata hivyo, ni ya walio ndani ya ukuta. Anayefanya biashara ya vitu vilivyotumika Japani hutakiwa awe na leseni kwa sheria ya mwaka 1949, na milango ya mnada hufunguliwa kwa wanachama tu. Mnunuzi wa Pemba au Kampala hana njia ila kupitia kwa wakala. Wakala ndiye anayebonyeza kitufe, ndiye anayepokea karatasi, na ndiye anayeamua aitume au asiitume.

Waliofungua njia za kutoka nje ya Japani wengi wao walikuwa wageni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mabaharia wa Urusi waliotia nanga katika bandari za pwani ya magharibi ya Japani walirudi kwao na gari sitahani kama mizigo yao wenyewe. Wapakistani walioingia Japani kutafuta kazi, kabla ruhusa ya kuingia bila viza haijasimamishwa mwaka 1989, waliona viwandani na mitaani gari ambazo kwao zingekuwa mali. Baadhi yao wakaacha vibarua wakawa wafanyabiashara. Jamaa zao walikuwa wametapakaa Karachi, Dubai, Durban na Mombasa, na gari zikafuata njia za jamaa. Dubai ikawa kituo kikubwa cha kati, hata mwaka 2000 ikafungua eneo huru maalumu kwa ajili ya gari zilizotumika. Gari yenye usukani wa kulia haikuruhusiwa kusajiliwa huko, lakini iliruhusiwa kupita.

Kwa Wazanzibari hapo hapakuwa mahali pageni. Meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za Afrika Mashariki mwaka 1926, na vitambaa vya Japani vikavaliwa Unguja kabla hajazaliwa aliyekuja kuendesha Toyota ya kwanza. Dubai na Maskati nako kulikuwa na ndugu, wengi wao waliohama baada ya mwaka 1964. Kilichokosekana kwa miaka mingi kilikuwa ruhusa na fedha za kigeni. Huko Bara uagizaji wa gari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na mwananchi wa kawaida aliingoja gari kama mtu anayengoja mvua mwezi wa Januari. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikamruhusu mwenye fedha zake nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Visiwani, ambako bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, mlango huo ulipokewa kama riziki. Katika miaka ya 1990 yadi za gari zikachipua Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na Toyota HiAce, ambayo watu wa Dar es Salaam waliipa jina la kipanya, ikawa ndiyo daladala yenyewe.

Faida ya biashara hiyo haikanushiki. Mwalimu, muuguzi na mvuvi mwenye mashua mbili walipata kumiliki gari, jambo ambalo wazazi wao hawakuliota. Mgonjwa wa Makunduchi alifika hospitali usiku. Vijana walipata kazi za udereva, ufundi, uuzaji wa spea na uwakala wa forodha. Lakini pamoja na gari iliingia hila. Mita ya kilomita ilirudishwa nyuma, ikawa gari iliyotembea 180,000 inaonesha 60,000. Gari ya daraja la R ilipigwa rangi ikang'aa. Karatasi ya mnada ilichanwa, au ilikaa katika faili la wakala, au ilimfikia mtu asiyejua kwamba W ina maana. Ajuaye hasara hiyo ni yule aliyeuza karafuu za misimu miwili na kukopa kwa shemeji ili anunue gari ya abiria, kisha mwezi wa tatu injini ikalala. Huyo ndiye aliyelipia ujinga ambao hakuuumba. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Hapa daftari lilikuwapo; lilizuiliwa njiani.

Serikali nazo zilikabiliwa na tatizo hilo hilo. Zisipoweza kusoma hali ya gari, husoma mwaka wake. Kenya ilikataza gari zilizopita miaka minane kwa kanuni ya viwango ya mwaka 2000; Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018; Tanzania ilichagua kuzitoza gari kongwe ushuru zaidi. Umri ni kipimo chepesi, maana hausemi uongo kwa urahisi, na moshi wa gari chakavu ni madhara ya kweli kwa mapafu ya watoto. Hata hivyo, kipimo hicho huipitisha gari ya miaka sita iliyozama katika mafuriko, na huirudisha ya miaka tisa iliyokuwa ikimpeleka bibi mmoja sokoni na kumrejesha. Visiwani lilikuwapo na jambo jengine: kwa miaka mingi gari iliyosajiliwa Zanzibar ilipovushwa kwenda Bara ilidaiwa tofauti ya kodi, na usajili wa vyombo vya moto ukawa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa katika vikao vya kero za Muungano. Katika mabishano hayo yote gari ilihesabiwa kwa mwaka, kwa ujazo wa injini na kwa bandari iliyoteremkia. Hali yake haikuulizwa.

Lakini khabari hazikupata kuwa nyingi kama zilivyo sasa. Tangu Januari 2004 cheti cha ukaguzi cha Japani huandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi, na mtu akizilinganisha na zile za kwenye mita huona kama kidole cha mtu kimepita. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, hata mionzi ilianza kupimwa bandarini kabla ya gari kupakiwa. Intaneti imempa mnunuzi wa Wete nafasi ya kuiona gari ingali Yokohama. Kilichobaki ni jambo dogo ambalo halijafanywa: kudai kwamba karatasi isafiri na gari mpaka mkononi mwa mnunuzi wa mwisho, na kuzifundisha herufi zake kama zinavyofundishwa alama za barabarani. Nahodha wa jahazi hakukubaliwa kushusha mzigo bila hati ya shehena, na mwenye mzigo aliisoma au aliitafutia wa kumsomea. Mnunuzi wa gari naye anastahiki kusomewa hati yake kabla hajahesabu fedha.