Balozi Mpungwe na Lawama za Arusha

Kila Aprili, mauaji ya kimbari ya Rwanda yanapokumbukwa, hukumu moja hurudiwa: kwamba Mkataba wa Amani wa Arusha wa 1993 uliwapa waasi wa RPF kupita kiasi, ukawafungia nje wenye msimamo mkali, na kwa hiyo ukawasukuma kuua. Wanaoitoa ni watu wenye elimu, na vitabu vyao vimesomwa sana. Kinachosomwa kidogo ni maelezo ya Mtanzania aliyekaa kati ya pande mbili mezani pale. Balozi Ami Mpungwe aliandika tafakuri yake mwenyewe, ikachapishwa Afrika Kusini mwaka 1999 na Taasisi ya Mafunzo ya Usalama, katika mkusanyo uliohaririwa na Mark Malan. Ni nadra kuikuta ikitajwa katika makala za Kiswahili. Kizazi cha leo kinamfahamu Mpungwe, kama kinamfahamu, kwa habari za tanzanaiti.

Chanzo cha vita hakihitaji maelezo marefu. Wakimbizi wa tangu 1959, uvamizi wa RPF wa Oktoba 1990 kutokea Uganda, mikataba ya kusitisha mapigano iliyovunjwa kabla wino haujakauka. Tanzania ikaombwa kupatanisha. Rais Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyekuwa mpatanishi kwa cheo, lakini kazi ya kila siku, ya kuwakalisha watu mpaka usiku na kuwarudisha waliosusa, ilimwangukia Mpungwe, aliyekuwa mkurugenzi wa masuala ya Afrika na Mashariki ya Kati katika Wizara ya Mambo ya Nje.

Itifaki ya utawala wa sheria ilisainiwa Agosti 18, 1992. Ugumu ulianza walipofika kwenye madaraka. Itifaki mbili za kugawana madaraka, ya Oktoba 30 na ya Januari 9, 1993, zilizaa baraza la mawaziri 21: MRND ya Rais Habyarimana 5, RPF 5, na kwa vyama vya upinzani, MDR 4 pamoja na uwaziri mkuu, PSD 3, PL 3 na PDC 1. Hesabu hii inastahili kutazamwa kwa utulivu. Hakuna chama kilichopewa uwezo wa kuamua peke yake. Haukuwa ushindi wa RPF mezani, kama inavyodaiwa. Ulikuwa mpango wa kumlazimisha kila mmoja atafute mwenzake.

CDR, chama cha wenye msimamo mkali, hakikupata wizara hata moja. Waangalizi wa nchi za Magharibi walitaka kiingizwe, wakiamini kwamba mkorofi aliye ndani ana nafuu kuliko aliye nje. RPF ikakataa. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba hapo ndipo amani ilipopotea. Mimi siwezi kuwafuata. MRND ilikuwa ndani, ina mawaziri 5, ina urais, na bado ni tawi lake la vijana, Interahamwe, lililofundishwa kuua. Kiti hakikumzuia aliyekwisha kukusudia.

Lawama ya jeshi ina uzito zaidi. Februari 8, 1993, RPF ilishambulia, ikasogea karibu na Kigali na kuwahamisha mamia ya maelfu ya watu. Iliporudi mezani ilikuwa na sauti nyingine. Itifaki ya Agosti 3 ikaipa asilimia 40 ya askari na nusu ya nafasi za makamanda, katika jeshi jipya la watu 19,000, wakati jeshi la serikali peke yake lilikuwa limeipita idadi hiyo kwa mbali. Maana yake maelfu ya vijana waliozoea bunduki walikuwa wanarudishwa nyumbani bila kazi. Hapa wakosoaji wanastahili kusikilizwa. Lakini mpatanishi hana jeshi. Anaandika kile ambacho pande mbili zimekubali kutia saini.

Mkataba wote ulisainiwa Agosti 4, 1993. Serikali ya mpito ilipaswa kuapishwa ndani ya siku 37, huku jeshi la kimataifa likiwa limeshafika. Siku hizo zilikwisha Septemba 10. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 872, la kuunda kikosi cha UNAMIR, Oktoba 5. Oktoba 21 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Mhutu, akauawa na wanajeshi wake, na kila Mhutu wa Rwanda aliyekuwa akisitasita akapata sababu ya kuogopa. Hoja ya Mpungwe kwamba tuutazame zaidi utekelezaji na mwitikio wa dunia kuliko maandishi ya mkataba inasimama juu ya tarehe hizi. Na tarehe moja zaidi: Aprili 21, 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza lilikipunguza kikosi hicho hadi watu 270.

Sisi wa Usambara, kuanzia Vugha hadi Mtae, tuna historia inayofanana na hiyo. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti cha Vugha kihalali. Baba yake mdogo, Semboja wa Mazinde, alikuwa karibu na njia ya misafara na bunduki za wafanyabiashara. Uhalali ulikuwa mlimani, silaha bondeni, wala hapakuwa na mtu wa tatu mwenye nguvu ya kulinda makubaliano. Nchi ikaumia kwa vita, na watu wake wengi wakauzwa utumwani. Arusha ilikuwa na mtu wa tatu aliyeahidiwa kwa maandishi, naye akachelewa.

Aprili 6, 1994, Habyarimana alikuwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda ulioitishwa ili mkataba uanze kutekelezwa. Ndege yake ilitunguliwa jioni ile akirejea Kigali. Aprili 28, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja. Boniface Ngulinzira, waziri wa mambo ya nje aliyejadiliana Arusha kwa niaba ya serikali ya Rwanda, alikuwa ameshauawa.

Mpungwe alikwenda Pretoria kuwa Balozi wa kwanza wa Tanzania katika Afrika Kusini huru, hadi 1999. Ni miaka ambayo mitaji ya huko ilimiminika kwetu: Illovo, kwa mfano, ilichukua Kilombero Sugar mwaka 1998. Alipoacha utumishi akaingia kwenye biashara, akawa mwenyekiti wa bodi ya Kilombero, akashika nafasi ya juu katika kampuni ya TanzaniteOne, akaongoza pia Chemba ya Madini na Nishati. Wapo wanaolisema jambo hili kama aibu. Sioni aibu kwa mtu aliyejifunza kuzungumza na wenye mitaji akiwa kazini kwa taifa, kisha akaendelea kuzungumza nao. Ila Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, inadai hesabu yake yenyewe. Kitalu C kilikwenda kwa kampuni kubwa, wachimbaji wadogo wakabaki na B na D, na ugomvi wa mipaka chini ya ardhi ukaendelea kwa miaka mingi. Kuhusu Rwanda, mpatanishi ameacha maelezo yake. Mgogoro wa Mererani nao unahitaji mtu aliyekuwa ndani auandike, kwa Kiswahili, ili wachimbaji wa huko Simanjiro wausome na kumjibu.