Azam TV: jinsi mpira wa kwetu ulivyopata dishi lake

Katika makala zetu za historia tumeshaandika sana juu ya vita na mipaka. Mara hii tunaandika juu ya dishi.

Kila wikendi pale kwenye kibanda cha video kuna ubishi uleule. Kwa nini Simba na Yanga zinaonekana Azam, halafu Arsenal na Manchester lazima DStv? Kwa nini mechi inaonekana leo, msimu ujao haipo? Na kwa nini Mkongomani au Mrundi akitaka kuona timu yake ya nyumbani inakuwa kazi? Wengi wanajibu kwamba ni pesa. Ni kweli, lakini jibu hilo ni fupi mno. Jibu kamili linaitwa haki za matangazo: anayenunua haki ndiye anayeamua mechi ionekane wapi, kwa bei gani na kwa lugha gani. Historia ya Azam inaonyesha jambo hilo vizuri, ndiyo maana tumeichagua.

Tuanze kabla ya Azam. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa wazee wetu mpira ulikuwa ni redio. Mtangazaji ndiye alikuwa macho ya watu. Akisema mpira umepita pembeni kidogo, unaamini, utafanyaje?

Huku nyuma Afrika Kusini walikuwa wanajenga kitu kikubwa. Kituo cha kulipia cha M-Net kilianza mwaka 1986, na ndani yake ndimo ilimozaliwa SuperSport. Mwaka 1995 ikaja DStv, yaani picha za kidijitali kutoka kwenye setilaiti, na kutoka hapo SuperSport ikasambaa Afrika nzima. Ndiyo iliyotuletea Ligi Kuu ya Uingereza. Watoto wa Goma, wa Bujumbura na wa Kigoma wakakua wakiwajua wachezaji wa London kuliko wa mtaa wa pili. Sisi wenyewe tumo humo, hatuwacheki.

Kuna jamaa mwingine alijaribu kuvunja utawala huo: GTV. Hii ilianza mwaka 2007, ikanunua haki za sehemu kubwa ya mechi za Uingereza kwa nchi zetu, ikauza ving'amuzi kwa bei ya chini. Watu wakahama kwa furaha. Tarehe 30 Januari 2009 ikafunga milango ghafla. Waliokuwa wamenunua dishi wakabaki na chuma juu ya paa. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu watu wanasahau: kisimbuzi unachonunua ni chako, lakini mechi si yako. Mechi inakaa ndani ya mkataba, na mkataba unaweza kufa usiku mmoja.

Sasa Azam. Jina hili wengi wetu tulilijua kwenye mfuko wa unga kabla ya kulijua kwenye skrini. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam, akaingia kwenye kusaga nafaka, na viwanda vyake vikafika Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Msumbiji. Unga, juisi, aiskrimu, boti za kwenda Zanzibar, vyote Azam. Wafanyakazi wa kampuni wakawa na timu yao ya mpira, Azam FC, ambayo ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2008 na ikajengewa uwanja wake kule Chamazi. Desemba 2013 ikaja Azam TV.

Mzigo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Na hapo pakawa na maneno. Yanga hawakuukubali mkataba ule mwanzoni. Swali lilikuwa la haki kabisa: mwenye kamera ana timu kwenye ligi hiyohiyo, itakuwaje? Msimu huohuo wa 2013/14 Azam FC ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Hatusemi kamera ndiyo ilifunga magoli. Walikuwa na timu nzuri, kila mtu aliona, na waliona kwa sababu mechi zilikuwa hewani. Lakini swali lile halikuwa la kijinga, na linafaa kuulizwa popote ambapo mtu mmoja anamiliki timu, uwanja na televisheni.

Tueleze kidogo kazi yenyewe inavyokwenda, maana kuna wanaodhani ni kuwasha kamera tu. Uwanjani kuna kamera kadhaa: ya juu inayofuata mpira, za chini karibu na mstari, nyingine nyuma ya goli. Picha zote zinaingia kwenye gari la matangazo lililoegeshwa nje. Humo ndani anakaa mwongozaji, anachagua sekunde kwa sekunde ipi iende hewani, mwingine anaandaa marudio, mwingine anaweka matokeo na dakika. Picha ikishakamilika inabanwa, inafungwa kwa siri ili asiyelipa asiione, kisha inatupwa juu kwenye setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Inarudi chini kwenye dishi lako, na kisimbuzi kinaifungua ikiwa kifurushi kimelipiwa.

Safari ya kwenda juu na kurudi haifiki hata nusu sekunde. Kinachochelewesha zaidi ni ile kazi ya kubana na kufungua picha. Ndiyo maana yule mzee mwenye redio nje ya kibanda anaruka "gooo!" wakati nyinyi ndani bado mnaona mpira uko katikati. Si uchawi jamani.

Setilaiti haijui mpaka. Mwanga wake unaangukia Kigoma na Uvira bila kuuliza kitambulisho. Anayejua mpaka ni mkataba. Haki zinauzwa nchi kwa nchi, na kampuni inaruhusiwa kuonyesha pale tu iliponunua. Kwa hiyo unaweza kuwa na dishi zuri, hali ya hewa safi, na bado skrini ikakuandikia kwamba chaneli hii huna ruhusa nayo. Sisi ambao maisha yetu yote yanategemea karatasi, hilo tunalielewa haraka.

Azam haikubaki Tanzania. Mwaka 2015 jina lake likawekwa kwenye ligi kuu za Uganda na Rwanda, ingawa baadaye ligi ya Uganda ilikwenda kwa StarTimes. Kenya nao wana funzo lao. SuperSport ilikuwa inaonyesha ligi yao, mpaka mwaka 2017 timu zilipoongezwa kutoka 16 hadi 18, wakavunja mkataba na kuondoka. Klabu zikapoteza pesa na mechi zikapotea hewani. Ligi haikufa, lakini ilionja maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja.

Kwa Tanzania mambo yalikwenda upande mwingine. Mwaka 2021 Azam na shirikisho la TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Ukigawa, ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Pesa kama hiyo inabadilisha tabia ya klabu. Inaweza kulipa mishahara, inaweza kumleta mchezaji kutoka nje, na mchezaji naye anakubali kwa sababu anajua ataonekana.

Na wachezaji hao wengi wametoka wapi? Hapa ndipo historia hii inatugusa sisi. Msimu wa kwanza wa Azam TV, 2013/14, mfungaji bora wa ligi alikuwa Mrundi, Amissi Tambwe wa Simba, aliyetokea Vital'O ya Bujumbura. Msimu wa 2015/16 akaongoza tena, safari hii akiwa Yanga. Msimu wa 2022/23 kilele walikipanda wawili kwa magoli 17 kila mmoja: Mkongomani Fiston Mayele wa Yanga, na Mrundi Saido Ntibazonkiza wa Simba. Mayele baadaye akaenda Pyramids ya Misri, lakini ule mtindo wake wa kutetema ulibaki kwenye kila uwanja wa vumbi, na kambini kwetu watoto bado wanatetema wakifunga.

Hebu fikirieni. Mtoto wa mkimbizi anasikia habari za nchi yake kila siku, na karibu kila mara ni mabomu au foleni ya chakula. Halafu Jumamosi anasikia jina linalofanana na la baba yake mdogo likitamkwa vizuri, kwa Kiswahili, na uwanja mzima unashangilia. Hicho si kitu kidogo.

Lugha nayo. Utangazaji wa Kiswahili wa televisheni umebebwa na watu waliotoka redioni, kama marehemu Charles Hilary, aliyepita Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC kabla ya kufika Azam. Kwetu kuna wanaoongea Kiswahili cha Bukavu, kuna wa Bujumbura, kuna waliofika hapa na Kirundi au Kibembe tu. Mpira umewafundisha wengi kuliko darasa. Maneno kama "kona", "kuotea", "mchezo wa kuungwana", hakuna mwalimu aliyeyaandika ubaoni.

Tuseme basi tunachotaka kusema. SuperSport ilithibitisha kwamba Waafrika watalipia mpira. Azam ilithibitisha kwamba watalipia mpira wao wenyewe, kwa lugha yao, na kwamba mnunuzi anaweza kutoka hapahapa. GTV na Kenya zinatukumbusha kwamba chochote kilichojengwa juu ya mkataba mmoja kinaweza kuondoka nao.

Kwa vijana: wanaosoma mambo ya kamera na simu kwenye kundi letu wasione mashindano yetu ya kambi ni madogo mno kurekodiwa. Ligi ya Tanzania nayo ilikuwepo miaka mingi bila kamera. Rekodini, andikeni majina ya wachezaji, tunzeni matokeo. Siku akija mtu wa kununua, akute kuna kitu, na akute kina wenyewe.

Kwa nyinyi wa mashirika: mnapoleta skrini kwenye kituo cha vijana tunashukuru kweli. Ila tumeona vituo ambako skrini ililetwa kwa sherehe, kifurushi cha kwanza kikaisha, na hakuna aliyekuwa na bajeti ya cha pili. Skrini ikabaki na vumbi, vijana wakarudi kulipa kibandani. Kabla ya kununua, kaeni nasi tuulizane mambo matatu: nani atalipa kila mwezi, mechi gani vijana wanataka, na itatangazwa kwa lugha gani. Mkituuliza, majibu tunayo.