Umri wa Kupona

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, madaktari wengi wa watoto huko Ulaya na Marekani waliamini kwamba ugonjwa wa seliaki una mwisho wake, na mwisho huo ni balehe. Mtoto aliletwa hospitalini tumbo limejaa, mikono na miguu imekonda, akiharisha kinyesi cheupe chenye mafuta. Alilishwa chakula maalumu mwaka mmoja, miwili, mitatu. Akianza kunenepa na kurefuka, wazazi waliambiwa wamrudishe polepole kwenye mkate. Alipoingia ujana, faili lake lilifungwa. Amekua, kwa hiyo amepona.

Nataka kuifuatilia imani hiyo: ilitoka wapi, kwa nini ilionekana kuwa kweli, na nani aliyelipa gharama yake.

Jina la ugonjwa ni la kale. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne za mwanzo baada ya Kristo, aliwaeleza watu ambao chakula kinawapita bila kuwajenga, akawaita kwa neno linalotokana na koilia, yaani tumbo. Tarehe 5 Oktoba 1887 Samuel Gee, daktari katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, alitoa mhadhara ulioliingiza jina hilo katika tiba ya kisasa. Gee alisema ugonjwa huu huwapata watu wa umri wote, ila zaidi watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Akasema pia kwamba kama upo uponyaji, utapatikana kwenye chakula.

Hapo alikuwa sahihi kabisa. Orodha yake ya vyakula ndiyo iliyompotosha: aliukataza wali, akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili. Alisimulia pia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku, akanawiri vizuri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, hali yake ikarudi nyuma. Msimu uliofuata mtoto aliwakataa kome, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Daktari alikuwa amepata dawa, mgonjwa amechoka kuila. Yeyote aliyewahi kuishi na kijana mwenye ugonjwa huu atakijua kisa hicho hata kabla hajafika mwisho wake.

Mwaka 1908 Christian Herter wa New York aliandika juu ya watoto waliodumaa kwa ugonjwa wa matumbo, ambao miili yao ilibaki ya kitoto huku miaka ikipita. Alidhani chanzo ni bakteria. Kutoka kwake madaktari walijifunza kuuona ugonjwa huu kama utoto unaokataa kwisha. Ukishauona hivyo, ni rahisi kuamini kwamba siku mwili utakapokubali kukua, ugonjwa nao utakuwa umeondoka.

Halafu zikaja ndizi. Mwaka 1924, Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, alichapisha taarifa ya watoto 10. Wanane walilishwa ndizi kwa wingi, wakapata nafuu kubwa; wawili ambao hawakupewa walifariki. Mlo wake ulikataza mkate, viazi na nafaka zote. Msomaji wa Bukoba au Moshi anaweza kutabasamu akisikia kwamba ndizi ziliwahi kuwa dawa ya hospitali Marekani. Lakini kwa wazazi waliokuwa wakijiandaa kuzika, ule ulikuwa muujiza, na sifa za Haas zilienea.

Watoto walipona kweli, ila sababu ilikuwa nyingine. Ndizi zilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na mkate ambao haukuwepo mezani. Kosa hilo linaonekana dogo, maana mtoto alipona vyovyote vile. Uzito wake ulijitokeza baadaye. Kama ndizi ndiyo dawa, basi dawa ina dozi, na dozi ina siku ya mwisho. Mtoto akimaliza dozi anarudi kwa wenzake, anakula wanachokula. Kumbe hakukuwa na dozi yoyote ya kumaliza.

Aliyeligundua hili alikuwa Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali ya watoto ya Juliana mjini The Hague tangu mwaka 1936. Inasimuliwa kwamba mama mmoja alimweleza jinsi mwanawe mwenye seliaki anavyopata nafuu kila anapomwondolea mkate. Dicke hakulipuuza neno la yule mama. Alianza kuwalisha wagonjwa wake chakula kisicho na ngano, na mwaka 1941 akaandika juu yake katika jarida la madaktari wa nchi yake.

Kisha vita vikayatia maneno yake uzito. Mwezi Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi ya Washirika. Wajerumani waliokuwa wakiikalia nchi wakajibu kwa kuzuia chakula kisiende magharibi. Ukafuata msimu ambao Waholanzi wanauita Majira ya Baridi ya Njaa. Watu walichimba mashina ya maua ya tulipu wakayapika, wakala bitiruti za kutengenezea sukari. Takribani watu 20,000 walikufa. Katika njaa hiyo, watoto wa Dicke wenye seliaki, ambao kila mtu angetarajia wawe wa kwanza kufa, walikuwa na nafuu. Ngano ilipopatikana tena na mkate kurudi, wakaanza kuharisha upya. Nchi ilishangilia mkate, nao wakarudi kitandani.

Dicke hakutosheka na kisa cha vita. Akishirikiana na daktari H. A. Weijers na mwanakemia J. H. van de Kamer, aliyebuni njia ya kupima mafuta kwenye kinyesi, aliwalisha watoto wachache nafaka mbalimbali kwa zamu na kuandika kilichotoka. Ngano na rai ziliwadhuru. Mchele na mahindi havikuwadhuru. Mwaka 1950 aliyatetea matokeo hayo kama tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Baadaye kundi hilo lilionyesha kwamba sumu haimo kwenye wanga wa ngano, imo kwenye gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike. Mwaka 1952 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichapisha uthibitisho wao katika jarida la The Lancet.

Ungedhani imani ya kupona ukubwani ingekufa hapo. Haikufa, kwa sababu ilikuwa na ushahidi wa macho. Mtu anapoingia ujana, dalili za seliaki mara nyingi hupungua hata akila ngano. Kuharisha kunakoma, uzito unaongezeka kiasi. Kijana mwenyewe anasema yuko salama, na mama yake anaona hivyo hivyo. Daktari anayepima kwa mizani na kwa choo hana sababu ya kubisha.

Ilibidi mtu aingie ndani akaangalie. Mwaka 1954 John Paulley, daktari wa Uingereza, alichunguza vipande vya utumbo vilivyochukuliwa kwa upasuaji kutoka kwa watu wazima, akakuta ngozi ya ndani imeharibika. Mwaka 1956 Margot Shiner, akiwa London, alionyesha jinsi ya kuchukua kipande cha utumbo mdogo kwa mrija unaopitishwa mdomoni, bila kumpasua mtu. Mwaka uliofuata kikaja kidonge cha chuma cha William Crosby: mgonjwa anakimeza kikiwa kimefungwa kwenye mrija mwembamba, kikifika mahali pake kinakata kipande kidogo, kisha kinavutwa kutoka.

Utumbo mdogo wenye afya umejaa vidole vidogo sana vinavyonyonya chakula, kama nyuzi za zulia. Wa mgonjwa wa seliaki anayekula ngano umekwanguka, zulia limebaki gunia. Mwaka 1960 Cyrus Rubin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba utumbo wa watoto wenye seliaki na ule wa watu wazima waliodhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine una uharibifu uleule. Madaktari walipowaita tena vijana waliokuwa wamefungiwa mafaili yao, wengi walikutwa na utumbo uliokwanguka wakati wao wenyewe wakisema hawaumwi. Wengine walikuwa wafupi kuliko ndugu zao, au walichelewa kubalehe. Wengine walikuwa na upungufu wa damu ambao hakuna aliyeuhusisha na mkate. Mwaka 1969 wataalamu wa Ulaya walikutana Interlaken, Uswisi, wakakubaliana kwamba seliaki ni hali ya kudumu. Leo tunajua zaidi: inahitaji jeni fulani, zinazoitwa DQ2 na DQ8, na ni kinga ya mwili yenyewe inayoushambulia utumbo gluteni ikiingia. Takribani mtu mmoja katika 100 duniani anayo. Kinga ikishamtambua adui haimsahau kwa sababu mtu ameota ndevu.

Kwa vijana, uhakika huo ulikuja na bei yake. Kanuni za Interlaken zilitaka uthibitisho wa hatua tatu: kipande cha utumbo kabla ya tiba, kingine baada ya kuacha gluteni, na cha tatu baada ya kurudishiwa gluteni. Mgonjwa aliyekwishapata nafuu alilishwa tena kilichomuumiza ili sayansi iwe na hakika. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1990 kwa wagonjwa wengi. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2012 iliruhusu baadhi ya watoto wathibitishwe kwa vipimo vya damu peke yake.

Mimi niligunduliwa nikiwa na miaka 16, baada ya miaka ya vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu. Nyumbani kwetu haikuwa vigumu sana: ugali, wali, muhogo, ndizi, maharage. Nililazimika tu kujifunza kuuliza, maana uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano, na mashine iliyosaga ngano asubuhi inaweza kusaga mahindi yako mchana. Ugumu ulikuwa kwa watu. Sikukuu moja nilikwenda kumwamkia shangazi yangu Tanga. Alikuwa ameandaa chapati, sambusa na kaimati, na sahani yangu ilikuwa imeshajaa kabla sijakaa. Nilipomweleza, alicheka kwa upole. “Hayo ni ya utotoni, mwanangu. Ukishakua yatakwisha.” Hajawahi kumsikia Haas, lakini walikuwa wamefika mahali pamoja, na kwa sababu ileile: kwamba mtoto unayempenda hawezi kufungiwa mlango maisha yake yote.

Kwa Kiswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona katika methali hiyo kunapitia kwenye sahani: mgeni akija kunapikwa vizuri, na kila mtu ananufaika. Anayekataa sahani anaonekana kukataa upendo uliomo. Mtu mzima anaweza kulieleza hilo akaeleweka. Kijana wa miaka 15, ambaye kitu anachokitaka kuliko vyote ni kutotofautiana na wenzake, anasimama na andazi mkononi wakati wa mapumziko shuleni na hesabu anayoipiga ni nyingine. Andazi halitamuumiza leo, pengine hata mwezi huu. Kusema hapana kutamuumiza sasa hivi. Watafiti wa ugonjwa huu wanaujua umri wa ujana kuwa ndio ambao mlo huvunjwa zaidi, hata na wale wanaoyajua madhara yote kwa moyo.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Mwitaliano Carlo Catassi waliripoti kwamba, kati ya watoto wapatao 1,000 wa Kisahrawi waliopimwa, asilimia 5.6 walikuwa na seliaki, kiwango kikubwa kuliko kilichokuwa kimewahi kuripotiwa popote. Wasahrawi ni wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za jangwani karibu na Tindouf, Algeria. Mababu zao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ukoloni, kisha ukimbizi, uliwaletea mkate, na unga wa msaada ni wa ngano. Kijana wa kambini akiukataa unga huo, hakuna duka jirani la kumwuzia mwingine.

Dicke alifariki mwaka 1962, kabla vijana wale hawajaitwa kuchunguzwa upya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, hakuna kidonge kilichochukua nafasi ya alichokipata kwa kumsikiliza mama mmoja. Tiba bado ni ileile: kuacha ngano, shayiri na rai, leo na kesho na siku ya harusi ya dada yako. Madaktari wameacha kumwambia kijana kwamba atakua na kupona. Sasa wanamwambia kwamba utumbo wake utapona ikiwa ataendelea kusema hapana, kisha anatoka kliniki na kurudi shuleni, saa nne, wakati maandazi yanapogawiwa.